Aleji ya msimu: asali, tangawizi, nyungu au maji ya chumvi, kipi ushike kipi uache

Kila mwaka mahindi yakianza kutoa mbelewele huku Arusha na mimi naanza chafya. Siyo moja wala mbili, zinakuja kumi na kitu mfululizo mpaka mteja anaweka kitambaa chake mezani anasema pole dada, unaumwa? Siumwi. Ni aleji, au mzio kama wanavyoandika kwenye vitabu. Mi ni fundi cherehani, kibanda changu kinatazama barabara ya vumbi, ndani kuna manyoya ya vitambaa, nyuma kuna shamba la mahindi la jirani na majani anayolisha ng'ombe wake, yani kama kuna mtu alikaa akatafuta sehemu ya kunitesa basi aliipata.

Nimejaribu karibu kila kitu nilichoambiwa. Na mtu mwenye makamasi anaambiwa mengi, kila anayepita ana dawa ya bibi yake. Sasa nimeona niviweke viwili viwili ubavuni, hiki na hiki, ili mwenye pua kama yangu achague bila kumaliza hela. Nasema mapema nimeegemea wapi ili usije kusema nimekuficha: naamini zaidi kinachozuia vumbi lisiingie puani, au kinacholitoa likishaingia, kuliko kinachopita mdomoni. Jikoni msaada upo, ila ni mdogo kuliko tunavyohadithiana, na kuna vitu vya jikoni vinaharibu kabisa.

Kwanza, ni aleji au ni mafua?

Hapa wengi tunakosea na kununua dawa isiyo yake. Mafua yanakuja na mwili kuuma, pengine homa na koo, na ndani ya wiki moja hivi au siku kumi yameshaondoka. Aleji haina homa. Inawasha. Macho yanawasha, pua inawasha kwa ndani, hata juu ya kinywa huku kwenye paa la mdomo panawasha mpaka unajikuna kwa ulimi, makamasi ni maji tu kama bomba bovu, na inaweza kukaa wiki sita bila kupumzika. Afu inafuata mahali na saa: ukiingia shambani inaanza, ikinyesha mvua ya kutosha unapata nafuu. Kama yako haifuati chochote, iko mwaka mzima na inakuwa mbaya zaidi ukiamka asubuhi, basi shuku kitanda kabla hujashuku maua.

Na maua yenyewe tunayasingizia. Oktoba na Novemba mijakaranda ikichanua Arusha yote inakuwa zambarau, watu wanapiga picha huku wanapiga chafya na kusema ni jakaranda. Jakaranda inachavushwa na wadudu, chavua yake, yani ule unga wa maua, haikuumbwa kupeperuka. Inayotusumbua ni chavua ya mimea inayotegemea upepo, yani majani ya kawaida ya malishoni, mahindi, zile fensi za sipresi, na kwa watu wa pwani mivinje. Maua yao hayavutii hata kidogo, hakuna anayepiga nayo picha, ndo maana yanapona lawama. Oktoba kuna vumbi pia, la kiangazi kizima lililokuwa linasubiri upepo, jakaranda inakuwa imechanua tu wakati mbaya.

Kumbuka hili la wadudu na upepo kwasababu ndo linaamua mechi ya kwanza.

Asali au maji ya chumvi?

Mjomba wangu akitoka Tabora hakosi dumu la asali, na kila mtu ananiambia kula kijiko kila asubuhi, mwili utazoea chavua ya eneo lako na aleji itaisha. Ukiisikiliza ina akili. Tatizo ni kwamba nyuki haendi kwenye mbelewele ya mahindi kutafuta utamu, anaenda kwenye maua yenye utamu, kwahiyo chavua iliyomo kwenye asali kwa sehemu kubwa siyo ile inayonitoa machozi. Na asali ya Tabora ina chavua ya miombo ya Tabora, mi niko Arusha, huo uzoefu nitaupata wapi?

Walishapima hiki kitu. Mwaka 2002 kule Connecticut, Marekani, waligawa watu makundi matatu, wa kwanza wakala asali ya eneo lao isiyochujwa, wa pili asali ya dukani iliyochujwa, wa tatu sharubati ya mahindi iliyotiwa ladha ya asali. Hakuna kundi lililopata nafuu kuliko lile lililokula sharubati. Mwaka 2013 Malaysia wakapima tena na asali ikaonyesha nafuu, hapo ndo watu wanashangilia, lakini soma vizuri: walikula gramu moja kwa kila kilo ya uzito wa mwili, kila siku, wiki nne, PAMOJA na kidonge cha aleji kinachoitwa loratadini. Mi nina kilo sabini. Hiyo ni gramu sabini kwa siku, vijiko vikubwa vitatu na nusu, wiki nne zikiisha nimekula karibu lita moja na nusu ya asali peke yangu. Mwenye kisukari hapo asahau, na mwenye bajeti ya fundi cherehani naye asahau tu. Mtoto chini ya mwaka mmoja usimpe asali kabisa, hata ya kulamba, kuna bakteria wa botulizimu ambao utumbo wake mdogo hauwezi kuwadhibiti.

Inachofanya asali vizuri ni kulainisha koo. Makamasi ya aleji yanashuka nyuma ya koo usiku, unakohoa, kijiko cha asali kwenye maji ya moto kinatuliza. Basi. Hiyo nampa.

Sasa maji ya chumvi puani. Mara ya kwanza niliposhauriwa na daktari wa pua na koo niliona ananidharau, nimepanga foleni asubuhi yote aniambie chumvi? Nilikaa miezi sijafanya. Nilipofanya nikajilaumu. Mantiki yake ni ya kishamba kabisa: vumbi limeingia, lioshe litoke. Haibembelezi mwili wala haijengi kinga, inaosha tu, na ile pua iliyovimba inapungua na makamasi mazito yanatoka.

Namna yenyewe ni hii. Maji robo lita, chemsha yachemke kabisa kwa dakika moja nzima (ukiishi juu sana, zaidi ya mita 2,000, fanya dakika tatu), yaache yapoe yawe vuguvugu. Weka chumvi nusu kijiko cha chai kilichosawazishwa, siyo kilima. Ukiwa na magadi yale ya kupikia mikate, soda baikaboneti, chukua chembe tu kwa ncha za vidole, yanapunguza kuchoma. Mi natumia bomba la sindano la mili ishirini lisilo na sindano, la famasi, bei ya kawaida tu. Unainama juu ya beseni, kichwa unalaza upande, unapumulia mdomoni, unasukuma taratibu tundu la juu maji yanatokea tundu la chini. Siku ya kwanza utajiona unazama. Siku ya tatu umezoea. Ukimaliza usipenge kwa nguvu, utasukumia maji masikioni.

Usiruke hatua ya kuchemsha hata kama maji yenu ya bomba mnakunywa hivyo hivyo. Kuna mdudu wa maji ya uvuguvugu, amiba, ukimnywa tumboni hana shida ila akipandia puani anaenda kwenye ubongo na wanaopona ni wachache mno. Ni nadra sana, lakini dakika moja ya jiko ni bei ndogo. Ukiona uvivu nunua dripu ya nomo salaini famasi, ile ya asilimia 0.9, ndo kipimo hicho hicho cha chumvi.

Jirani yangu Mwislamu aliniangalia akacheka, akasema sisi tunapandisha maji puani kila udhu, nyie ndo mnagundua leo? Kweli bwana. Ila na yeye anakiri maji matupu yanachoma, na hapo ndo chumvi inapoingia, inafanya maji yafanane na maji ya mwilini. Sasa hivi anatumia ya chumvi mara moja jioni mbali na udhu wake na anasema usingizi umekuwa mwingine.

Kwahiyo kama una hela ya kitu kimoja na muda wa kitu kimoja, hapa sina kigugumizi, ni chumvi. Asali paka mkate.

Tangawizi au nyungu?

Hii mechi ni ngumu zaidi.

Nyungu wote tunaijua, na tangu 2020 ilivyovuma hakuna nyumba haina ujuzi wake: majani ya mkaratusi, mchaichai, malimao, shuka juu ya kichwa, jasho. Unafuu unaupata palepale, pua inafunguka, unajisikia mtu mpya. Tatizo ni muda. Kwangu nusu saa, saa moja nikibahatika, afu narudi nilikotoka, kwasababu mvuke umelainisha makamasi lakini chavua iko palepale na mwili bado unagombana nayo. Na ile sufuria ya maji ya moto chini ya shuka ni hatari jamani, hasa kwa watoto. Nimemuona mtoto aliyeungua mapaja kwa nyungu, sitaki kulielezea. Watoto wasiingizwe nyunguni, kaa nao bafuni kwenye mvuke wa maji ya kuoga inatosha. Mwenye pumu pia awe makini, wengine harufu kali ya mkaratusi inawabana kifua badala ya kuwafungua.

Tangawizi yenyewe haina onesho. Hunywi ukafunguka palepale, labda kama umeweka nyingi ikakuchoma. Lakini mwaka 2020 Thailand walilinganisha watu themanini wenye aleji ya pua, nusu walipewa dondoo ya tangawizi miligramu 500 kwa siku, nusu loratadini miligramu 10, wiki sita. Dalili za pua zilishuka kwa wote karibu sawa. Nilivyosikia hivyo nilitaka kuruka. Afu nikatulia, ile ni dondoo iliyokolezwa kwenye kapsuli, siyo kikombe cha chai ya tangawizi ya stendi yenye sukari vijiko vinne. Sijui kikombe changu kina kiasi gani na wewe hujui chako. Lakini hainiumizi, nachemsha kipande cha kidole gumba kwenye maji, kila siku msimu wote, na naona inasaidia kidogo kidogo. Ukiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda usiifanye kila siku bila kuuliza, na ukiwa na vidonda vya tumbo utaisikia mwenyewe.

Kwa hiyo nyungu ni ya usiku ule ambao pua imeziba na kesho una safari. Tangawizi ni ya kila siku kwa mwenye subira. Hakuna kati yao inayoondoa vumbi, usisahau.

Wengine wa jikoni, kwa haraka

Habasoda. Mama mkwe wangu ni mtu wa Tanga na kwake habasoda inatibu kila kitu isipokuwa kifo. Kwenye aleji hajakosea sana, Iran wameipima kwa watu wachache na dalili zikapungua. Watu wachache lakini. Kama tayari mnaitumia nyumbani endelea, kama huna usikope hela kuinunua. Mjamzito asinywe mafuta yake kama dawa.

Kitunguu maji chekundu kina kitu kinaitwa kwesetini, na hiki kimesifiwa sana mitandaoni kwamba kinazuia histamini, ile kemikali ya mwilini inayoleta chafya na muwasho. Ni kweli kwenye maabara. Lakini gramu mia za kitunguu zina kama miligramu thelathini na kitu, na wanaouza kapsuli wanaweka mia kadhaa kwa kidonge kimoja. Ungekula kachumbari beseni. Weka kitunguu kwenye kachumbari kwasababu kachumbari bila kitunguu siyo kachumbari.

Mtindi naupenda zaidi kati ya hawa. Tafiti za bakteria wazuri wa tumboni zimeonyesha baadhi ya watu wa aleji wanaishi vizuri zaidi wakiwatumia, ingawa majibu hayafanani kila mahali maana bakteria wenyewe hawafanani. Mtindi wa nyumbani usio na sukari kikombe kwa siku, hata usipofanya kitu puani umekula vizuri. Na hapa niseme kuhusu maziwa, kuna watu wameacha kabisa kwa sababu eti yanaongeza makamasi. Hayaongezi. Maziwa yakichanganyika na mate yanakuwa mazito mdomoni, unahisi makohozi, lakini walipopima makamasi yenyewe hayakuzidi. Kama huna aleji ya maziwa yenyewe kunywa chai yako ya maziwa kwa amani.

Limao na machungwa ni vitamini C, sawa, havijawahi kunizuia chafya hata moja.

Kuongeza kitu au kupunguza kitu?

Hii ndo sehemu ya chakula ninayoiamini kuliko zote na ndo watu hawataki kuisikia, kwasababu kila mtu anataka kuambiwa aongeze nini, haambiwi apunguze nini. Pombe ya kwanza. Bia na mvinyo mwekundu vina histamini yenyewe ndani, ile ile ambayo mwili wako unaimwaga ukiwa na aleji, na pombe inatanua mishipa ya pua. Mume wangu alikuwa anasema bia ya Ijumaa inamtoa mafua, mbona Jumamosi ndo anaamka pua imeziba kabisa? Alipoiacha mwezi wa sita na wa saba mwenyewe akanyamaza.

Ya pili ni matunda, na hili nililijua nimeshachelewa. Kuna watu wa aleji ya chavua ambao wakila matunda flani mabichi mdomo unawasha, midomo inavimba kidogo, koo linakwaruza. Siyo uchawi wala dawa za shambani. Protini ya tunda inafanana na ya chavua, mwili unachanganya. Wenye aleji ya chavua ya majani mara nyingi wanapata kwa tikiti maji, nyanya mbichi, machungwa. Mi ni tikiti. Miaka yote nadhani tikiti lina dawa! Vikipikwa nyanya na wenzake hawana tena shida kwa wengi, kwasababu moto unaharibu hiyo protini. Mdomo kuwasha tu kidogo ni usumbufu, ila ukiona koo linabana, unashindwa kupumua, mwili mzima umetoka vipele, hiyo ni ya kukimbilia hospitali siyo ya kusubiri.

Pilipili kali inafungua pua kweli, ila inafungua kwa kumwaga, na mtu ambaye tayari anamwaga sijui anatafuta nini.

Maski au mafuta ya mgando?

Tulibaki na maski makabatini, zina kazi. Chembe ya chavua ya majani ni kubwa kuliko matundu ya maski ya kawaida ya hospitali, haipiti. Ukifagia, ukipanda boda, ukipita shambani, vaa. Mi navaa nikikata kitambaa cha sufu. Ubaya wake ni joto, na wateja wananikwepa wakidhani naumwa, na ikishalowa makamasi ni balaa.

Mafuta ya mgando ni kitu nilichodharau kuliko hata chumvi. Unapaka tabaka jembamba kuzunguka matundu ya pua, kwa nje na pale mlangoni tu, usisukume ndani sana. Vumbi linanata pale. Unafuta jioni. Kopo dogo linakaa msimu mzima na ulikuwa nalo tayari. Kwa anayekaa dukani au ofisini naona mafuta yanatosha, kwa boda na mkulima vaa maski na mafuta chini yake, na miwani yoyote ile hata ya jua ya stendi, kwasababu macho nayo ni mlango. Macho yakiwasha usifikiche, unayafikicha yanazidi, chukua kitambaa cha maji baridi weka juu dakika tano. Na tafadhali usitie maji ya limao jichoni. Kuna mtu atakushauri.

Fagio au deki?

Fagio la chelewa kwenye sakafu kavu ni kama kuamsha mbwa waliolala. Vumbi linapanda juu, linakaa hewani, linashuka kwenye kitanda na kwenye pua yako wakati umeridhika kwamba pamekuwa pasafi. Deki inalibeba. Kama sakafu ni ya udongo nyunyiza maji kwanza. Mi sahivi kibandani nafuta kila asubuhi kwa tambara bichi kabla sijafungua mlango wa mbele, dakika kumi, na nikilinganisha na hela zote nilizotupa kwa asali na vidonge naona hili tambara ndo limenisaidia kuliko.

Kitandani kuna mtu tunamsahau: chandarua. Kinaning'inia juu ya uso wako usiku kucha kimebeba vumbi la miezi. Lakini ukikifua kila wiki unaua dawa, hivi vyenye dawa ya muda mrefu vimetengenezwa kustahimili kama mafuo ishirini hivi. Kwahiyo mara moja kila miezi mitatu, sabuni ya kawaida, maji ya baridi, anika kivulini siyo juani. Katikati ya hapo kitoe nje ukikung'ute, akukung'utie mwingine asiye na aleji. Mashuka na foronya kila wiki, maji ya moto sana kama unaweza, wale wadudu wadogo wa kitandani wanaokula ngozi yetu iliyopukutika wanakufa kwenye nyuzi sitini.

Kuoga asubuhi au jioni?

Jioni. Nywele zimebeba shamba zima, ukilala nazo umehamishia shamba kwenye mto. Kama umesuka rasta au una nywele usizoweza kuosha kila siku, funga kitambaa ukitoka na ukivue mlangoni. Nguo za shambani zisiingie chumbani. Msimu wa majani usianike mashuka nje karibu na shamba, najua jua ni la bure, anika barazani, au ukiyaanika nje yakikauka yatoe mapema kabla ya jioni. Madirisha fungua mchana baada ya mvua, asubuhi mapema na jioni funga, ndo saa chavua ya majani inapokuwa nyingi hewani.

Moshi nao. Mkaa ndani, udi, dawa ya mbu ya kuchoma, vyote havina aleji ila vinachoma pua ambayo tayari ni kidonda. Niligombana na wifi yangu kuhusu udi, tukakubaliana barazani.

Vya kuacha kabisa

Kitunguu saumu puani, eti makamasi yanamwagika, yanamwagika kwasababu umeijeruhi pua. Ugoro, wazee wetu wanaunusa wapige chafya wafunguke, ni tumbaku ile. Dawa ya kuchua yenye mentholi haina kosa kubwa kwa mtu mzima, ila ujue inakudanganya ubongo uhisi hewa inapita, pua haijafunguka hata kidogo, na mtoto chini ya miaka miwili asipakwe. Matone ya kuzibua pua haraka kutoka famasi yanafanya kazi vizuri mno, na hiyo ndo shida, ukipitisha siku tano pua inaziba zaidi kila ukiacha, unakuwa mtumwa wa kichupa.

Na kama vyote havijatosha?

Basi siyo dhambi kumeza kidonge. Setirizini au loratadini, kimoja kwa siku, zinatuliza chafya na muwasho, na hazilazi sana, ingawa setirizini wengine inawapa usingizi. Piritoni ya zamani ni rahisi lakini inalaza, usiimeze ukaendesha boda au ukakaa kwenye cherehani ya umeme, nina kovu la kidole hapa. Kwa pua iliyoziba kila siku, spreyi ya steroidi ya puani inashinda kidonge, ila haifanyi kazi siku hiyo hiyo, ipe wiki moja mpaka mbili kila siku, elekeza upande wa sikio siyo katikati ya pua, na kama msimu wako unajulikana anza wiki mbili kabla. Mi naanza Aprili mwishoni, mahindi yakiwa bado ya magotini.

Ukisikia kifua kinapiga filimbi, unakohoa usiku, unakosa pumzi ukipanda mlima mdogo, usihangaike na habari ya tangawizi, aleji ya pua na pumu ni ndugu na hiyo inataka daktari. Makamasi ya tundu moja tu, yenye harufu au damu, pia siyo ya kufukiza. Kwa mtoto mdogo makamasi ya tundu moja mara nyingi ni shanga au harage amelisukuma mwenyewe.

Mdogo wangu alihamia Dar mwaka juzi akanipigia simu kwa furaha, dada aleji imeisha, huku hakuna mahindi! Miezi mitatu baadaye akapiga tena, anaamka asubuhi macho yamevimba, godoro la zamani, chumba hakina dirisha la maana, unyevu, ukungu ukutani. Kwake chavua haikuwa kesi tena, kesi ni wadudu wa godoro. Nilimwambia aache kabisa kutafuta cha kunywa, anunue plastiki ya kufunika godoro, foronya azifue kila Jumamosi, feni aifute mapanga yake kabla hajaiwasha, na godoro alitoe juani. Maji ya chumvi anayo, nilimfundisha kwa simu ya video, nikamsikia anajiona anazama.